Rui Machida: asisti 18 nusu fainali ya Olimpiki, halafu msimu mmoja tu WNBA. Tatizo lilikuwa nini?

#1 MwanaMuheza

Wakuu, salaam. Hili jambo linanikereketa tangu Olimpiki ya Tokyo, na huku mtaani sina wa kujadili naye maana kila kijiwe ni Simba na Yanga.

Agosti 2021, nusu fainali ya kikapu wanawake, Japani na Ufaransa. Namba moja wa Japani, yaani mgawa pasi anayeongoza mashambulizi, ni dada mmoja anaitwa Rui Machida, kimo chake sentimita 162. Upande wa pili wapo watu kama Sandrine Gruda, mtu wa zaidi ya 190. Machida akagawa asisti 18, yaani pasi zinazozaa pointi, kwenye mechi ile moja, rekodi ya Olimpiki. Japani ikashinda 87–71, ikaingia fainali ya Olimpiki kwa mara ya kwanza katika historia yake. Wastani wake kwa mashindano yote ulikuwa asisti 12.5 kwa mechi, na akachaguliwa kwenye kikosi bora cha watu watano pamoja na Breanna Stewart, A'ja Wilson, Emma Meesseman na huyo huyo Gruda.

Mwaka uliofuata akasajiliwa na Washington Mystics ya WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake Marekani. Nikasema haya, sasa dunia itamjua. Msimu ukaisha akiwa na wastani wa pointi 1.8 na asisti 2.6. Akarudi Fujitsu Red Wave, timu ya Japani aliyoanza nayo 2011, na Marekani ikabaki hadithi.

Msimamo wangu: hawakujua kumtumia. Mtu wa kuichana Ufaransa vile hakosi dakika 25 popote pale, ilimradi timu ichezwe kwa mkono wake. Anayepinga alete hoja.

#2 Kapteni wa Upanga

Hoja ni moja na umeitaja mwenyewe: 162.

WNBA wanakuwinda mkuu. Wanamwita yule unayemkaba aende kumwekea mwenzake skrini, yaani asimame kumzibia beki njia, mnabadilishana watu, ghafla umebaki na mtu wa 190 mgongoni karibu na ringi. Wakifanya hivyo mara tatu kocha anakuita benchi. Hakuna cha kutojua kumtumia.

#3 BintiTudor

Kapteni, kimo unakisingizia tu.

Temeka Johnson alikuwa na sentimita 160, mfupi kuliko Machida. Mwaka 2005 akawa mchezaji chipukizi bora wa WNBA nzima, tena akiwa Washington Mystics hiyo hiyo. Crystal Dangerfield, 165, akachukua tuzo hiyo 2020 na Minnesota Lynx. Leilani Mitchell, 165, kacheza miaka na miaka, na ndiye aliyekuwa Mystics 2020 na 2021, yaani Machida alifikia kiti alichokalia mfupi mwenzake.

Mimi nimecheza namba moja hapa Mombasa nikiwa mfupi kuliko kila mtu uwanjani. Makocha wakinitazama tu, kabla sijagusa mpira, tayari wameamua niko benchi. Kwa hiyo hii hoja ya kimo naijua vizuri, na najua ni ya mtu asiyetaka kuangalia mchezo wenyewe.

#4 Kapteni wa Upanga

Dada BintiTudor, heshima yako. Lakini hao wote uliowataja walikuwa wanafunga. Mitchell ukimwacha nyuma ya mstari umekwisha, ile ni pointi tatu. Dangerfield mwaka ule ndiye alikuwa anaibeba Lynx kwa pointi. Machida ni pasi kwanza, pasi pili, akikosa pasi ndipo anakumbuka kwamba ringi ipo. Mabeki wakishalijua hilo wanarudi nyuma hatua mbili na kuziba njia za pasi. Ufupi unasameheka ukiwa na mtupo, na mtu asiyetupa anasameheka akiwa na mwili. Yeye alikosa vyote viwili.

#5 KochaWaJioni

Nafundisha wasichana kikapu kila jioni hapa Dar, na video za Machida ndizo ninazowaonyesha kuliko za mtu mwingine yeyote. Naomba nikae hapa kidogo.

Huwezi kuelewa zile asisti 18 bila kumwelewa Tom Hovasse. Huyu ni Mmarekani aliyecheza Japani miaka mingi, akapita NBA kwa mechi mbili tu na Atlanta Hawks, akarudi Japani kufundisha. Alipokabidhiwa timu ya taifa ya wanawake 2017 alitangaza kwamba lengo ni kuifunga Marekani kwenye fainali ya Tokyo. Watu walimwona amepitiliza. Fainali aliifika kweli.

Mpango wake ulitokana na upungufu. Mchezaji wao mrefu, Ramu Tokashiki, sentimita 193, alikatika kano ya goti Desemba 2020 akaikosa Olimpiki. Aliyebaki kama senta ni Maki Takada, 185. Ukiwa na senta wa 185 huwezi kupigania mpira chini ya ringi na Marekani au Ufaransa. Kwa hiyo Hovasse akawatoa wote nje. Watano wote nyuma ya mstari wa tatu, wote wanatupa, hata Takada. Katikati pakabaki peupe kama uwanja wa mpira saa sita mchana.

Hapo sasa ndipo Machida anaingia na mpira. Beki yeyote akimsogelea amemwacha mtupaji. Robo fainali na Ubelgiji, Yuki Miyazawa alitumbukiza mitupo saba ya pointi tatu. Saki Hayashi akamalizia ile ya ushindi, 86–85, zikiwa zimebaki sekunde kumi na kitu. Mtu mwenye jicho la pasi ukimzungushia watu wa aina hiyo, atagawa 18 kweli.

Washington alikuta nini? Alikuta Shakira Austin, binti wa 196 aliyetoka kusajiliwa mwaka huo huo, na huyo anafanya kazi yake chini ya ringi. Elena Delle Donne alikuwa mtupaji hodari ila mgongo ulikuwa unamsumbua, hachezi kila mechi. Kwa hiyo pale katikati alipokuwa anapatumia Machida kulishajaa watu.

MwanaMuheza yuko sahihi nusu. Hawakumjengea mchezo, lakini hakuna timu ya WNBA itakayovunja mfumo wake kwa ajili ya namba moja wa akiba.

#6 Shabiki_Eldoret

KochaWaJioni umemaliza vizuri na hilo neno "akiba". Mbona hakuna aliyemtaja Natasha Cloud? Ndiye alikuwa namba moja wa Mystics, na msimu huo wa 2022 aliongoza ligi nzima kwa wastani wa asisti, 7 kwa mechi. Unamweka nje nani ili Machida apate dakika 25? Alipata karibu 13 kwa sababu hizo ndizo zilizobaki.

Tena pigeni hesabu. Asisti 2.6 ndani ya dakika 13 ni sawa na 8 kwa dakika 40. Hizo si takwimu za mtu aliyeshindwa.

#7 Mjukuu wa Chalinze

Samahani wakuu, huyu Rui si ndiye aliyehamia Lakers?

#8 Shabiki_Eldoret

Hapana. Wa Lakers ni Rui Hachimura, mwanamume, mzaliwa wa Toyama, baba yake ni wa Benin. Alichaguliwa wa tisa na Washington Wizards 2019, akahamishiwa Lakers Januari 2023. Ila umegusa kitu, maana majira yale ya 2022 jiji la Washington lilikuwa na kina Rui wawili kutoka Japani, mmoja timu ya wanaume, mwingine ya wanawake.

#9 Mjukuu wa Chalinze

Asante. Basi Washington walitaka jezi za kuwauzia Wajapani!

#10 MswahiliAichi

Mjukuu, sikubaliani nawe kwamba ilikuwa biashara ya jezi, ingawa waandishi wa Kijapani kweli walikuwa wanamfuata kila anapokwenda.

Naishi Japani, mkoa wa Aichi, ambako ukiokota jiwe ukalirusha linaangukia kiwanda cha magari. Timu za W League, ligi ya kikapu ya wanawake hapa, ni za makampuni. Toyota wana Antelopes, Denso wana Iris, Mitsubishi Electric wana Koalas, zote za mkoa huu. Fujitsu ya Machida iko Kawasaki. Vigogo wa miaka mingi ni ENEOS, kampuni ya mafuta, waliochukua ubingwa misimu 11 mfululizo hadi 2019.

Nimekwenda mechi kadhaa. Upande mmoja wa jukwaa wanakaa wafanyakazi wa kampuni wenye fulana za rangi moja, wanapiga makofi kwa mpangilio mwanzo hadi mwisho. Mchezaji pale ana mwajiri, ana makazi, ana madaktari wa timu, anajua mwaka ujao atakuwa wapi. Machida aliingia Fujitsu moja kwa moja kutoka shule ya sekondari ya Sapporo Yamanote. Amekulia pale.

Sasa mnauliza kwa nini alirudi. Mimi ningeuliza kwa nini asirudi.

#11 Mtoto wa Kilindini

Hapo kwa timu za kampuni umenigusa. Sisi Mombasa tuna KPA, timu ya Mamlaka ya Bandari, na Nairobi kuna timu ya benki ya Equity. Kikapu cha wanawake Kenya kimebebwa na waajiri wa namna hiyo. Namjua mchezaji aliyepata nafasi ya kwenda kucheza nje, akapiga hesabu ya kazi yake na watoto wake, akabaki. Watu walimwita mwoga. Hawakujua analipa karo za wangapi.

#12 Kapteni wa Upanga

Tuje kwenye fedha basi. Mshahara wa chini kabisa WNBA mwaka 2022 ulikuwa kama dola 60,000, wa juu kabisa kama dola 228,000. Mgeni wa akiba anakaa karibu na ule wa chini. Tena miaka ile timu zilikuwa zinasafiri kwa ndege za kawaida pamoja na abiria wengine, ndege za kukodi kwa ligi nzima zimekuja 2024. Unatoka kwenye kampuni inayokutunza unakwenda kukunja magoti uwanja wa ndege usiku kucha.

#13 Chuma_Nakuru

Wote mnapita kando. Kilichomtoa ni ile sheria ya kipaumbele ya WNBA, kwamba ukichelewa kambi kwa sababu ya ligi ya nje unatozwa faini au unasimamishwa. W League inachezwa Oktoba hadi Aprili. Kambi za WNBA zinaanza mwisho wa Aprili. Hapo lazima uchague moja.

#14 Shabiki_Eldoret

Chuma, sheria hiyo ilianza kutumika 2023, na iliwabana wachezaji wenye zaidi ya miaka miwili ya huduma kwenye ligi. Machida alikuwa na mwaka mmoja tu. Haikumgusa.

#15 Chuma_Nakuru

Sheria yenyewe sawa, haikumgusa. Kalenda je? Oktoba hadi Aprili Fujitsu, Mei hadi Agosti Washington, katikati timu ya taifa. Mwili wa mtu wa kimo kile unagongwa na watu wakubwa miezi 11 kwa mwaka. Hata bila sheria yoyote, mimi ningepumzika.

#16 Maombi wa Goma

Salamu kutoka Goma. Mimi naona mmeisahau lugha.

KochaWaJioni amesema Hovasse ni Mmarekani, lakini hakusema kwamba alikuwa anafundisha kwa Kijapani. Kama mliangalia mechi zile mlimsikia wakati wa mapumziko mafupi anawafokea kwa Kijapani, bila mkalimani. Namba moja ndiye mdomo wa kocha uwanjani. Yeye ndiye anapanga watu, anamwambia huyu aende kona, yule aje kuweka skrini, anamkemea aliyechelewa kurudi. Mpeleke mtu huyo mahali ambapo maneno yanapitia kwa mkalimani kwanza, umempunguzia nusu ya kazi yake. Mfungaji anaweza kucheza akiwa bubu. Mgawaji hawezi.

Mimi nimefundisha timu ya vijana wanaoongea Kiswahili, Kifaransa na Kinyarwanda kwenye kiwanja kimoja. Namba moja akiwa hafahamiki na wenzake timu inapoteza mpira hata bila kukabwa.

#17 BintiTudor

Maombi, hoja yako nzuri kuliko ya kimo, lakini haitoshi. Tokashiki alikwenda Seattle Storm 2015, akaingia kikosi bora cha chipukizi mwaka ule ule, akacheza misimu mitatu. Yeye pia alitoka Japani.

#18 Maombi wa Goma

Tokashiki si namba moja. Anapewa mpira na kufunga. Hapo unanisaidia mimi.

#19 BintiTudor

Haya, Yuko Oga basi. Namba moja, alikwenda Phoenix Mercury 2008.

#20 Kapteni wa Upanga

Na Oga alicheza msimu mmoja tu kama Machida! Maombi anaongoza.

Kwa kumbukumbu, Wajapani waliowahi kucheza WNBA hadi Machida anaingia ni wanne: Mikiko Hagiwara aliyeanza na Sacramento Monarchs mwaka 1997, ligi ikiwa ndiyo kwanza imezaliwa, kisha Oga, Tokashiki, Machida. Oga baadaye aliingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa FIBA, shirikisho la kikapu duniani, na akawa kocha wa Toyota Antelopes. Kwa hiyo kuwa na msimu mmoja Marekani hakumwondolei mtu ukubwa.

#21 Nyota ya Ngara

Jamani nimesoma yote. Naomba nitoke nje ya mada kidogo. Katika kikosi kile cha medali ya fedha ya Tokyo nilimwona Evelyn Mawuli na Monica Okoye. Majina hayo ni ya kwetu Afrika, wamefikaje?

#22 MswahiliAichi

Evelyn amezaliwa huku huku Aichi, wazazi wake wametoka Ghana. Mdogo wake Stephanie alicheza Olimpiki hiyo hiyo ya Tokyo kwenye kikapu cha watatu kwa watatu, kisha Paris wakawa pamoja kwenye timu kubwa. Monica Okoye baba yake ni Mnigeria, na kaka yake Louis amecheza besiboli ya kulipwa.

Evelyn ndiye ningemfungulia uzi wake. Baada ya medali alisimama mpira msimu mzima wa 2022–23, akiwa kwenye kilele chake. Akasema anachukua likizo ya maisha. Watu walishangaa sana, maana hapa mtu haachi timu ya kampuni hivi hivi. Akarudi na Denso Iris. Kwenye televisheni anaonekana mara nyingi, mcheshi, anazungumza waziwazi kuhusu kukua akiwa na ngozi nyeusi Japani.

Mlinganishe na Machida. Yeye umaarufu ulimkuta uwanjani. Kabla ya Tokyo mtu wa kawaida hapa alikuwa hamjui, na baada ya ile nusu fainali sura yake ikawa kwenye magazeti yote.

#23 Nyota ya Ngara

Kwa hiyo Okoye alicheza dhidi ya nchi ya baba yake? Maana Japani na Nigeria walikuwa kundi moja.

#24 Shabiki_Eldoret

Alikuwa kikosini, ndiyo. Japani 102, Nigeria 83. Kundi hilo hilo lilikuwa na Marekani na Ufaransa, na Ufaransa walifungwa na Japani mara mbili mashindano yale, 74–70 kwenye kundi kisha hiyo 87–71.

#25 Mzee Kifimbo

Nimechelewa kufika, naona mnazunguka tu. Ukweli ni mchungu: Tokyo ilikuwa bahati ya nyumbani. Wapinzani walikuwa hawajawasoma. Walipowasoma, mliona Paris 2024. Marekani 102–76. Ujerumani 75–64. Ubelgiji 85–58. Mechi tatu, vichapo vitatu, na Machida alikuwamo kikosini, na Miyazawa, na Hayashi, na Takada. Watu wale wale. WNBA walimsoma mapema zaidi, ndiyo tofauti pekee.

#26 BintiTudor

Nyumbani gani, Mzee? Saitama Super Arena ilikuwa tupu. Tokyo ilichezwa bila mashabiki kwa ajili ya korona. Hakuna aliyewapigia kelele.

#27 Mzee Kifimbo

Kulala kitandani kwako na kula chakula chako nako ni nyumbani, binti yangu.

#28 KochaWaJioni

Mzee Kifimbo shikamoo. Naomba nikupinge kwa adabu.

Bahati haianzi miaka mitano kabla. Rio 2016 Japani iliwafunga Belarus, Brazil na Ufaransa, ikafika robo fainali. Machida alikuwamo, nyuma ya Asami Yoshida. Kombe la Asia wamelichukua mara tano mfululizo, 2013 hadi 2021. Na ukirudi nyuma zaidi, 2010, Sapporo Yamanote ya Machida ilitwaa mataji yote matatu makubwa ya sekondari Japani kwa mwaka mmoja, akiwa na Moeko Nagaoka ambaye walikuja kuvaa pamoja medali ya fedha. Mabinti wawili wa shule moja ya Hokkaido, miaka 11 baadaye wanacheza fainali ya Olimpiki. Hapo pana kazi ya muda mrefu.

Paris ni kitu kingine. Hovasse alishahamia timu ya wanaume tangu 2021, kocha alikuwa Toru Onzuka. Mechi ya kwanza tu Mai Yamamoto, aliyewapiga Marekani pointi 17, akapata mtikisiko wa ubongo, hakucheza tena. Usichukue mechi tatu za Paris ukazifanya hukumu ya mtu mmoja.

#29 Mzee Kifimbo

Marahaba mwanangu. Hukumu siitoi. Ila umetoa sababu ya kocha, ya majeruhi, na hapo juu ukatoa ya mfumo. Mchezaji mkubwa anacheza ndani ya mfumo wowote.

#30 Mtoto wa Kilindini

Mzee, hakuna mchezaji wa aina hiyo. Hata Sue Bird, namba moja nguli wa Marekani, alikaa Seattle Storm maisha yake yote ya WNBA.

#31 MwanaMuheza

Nimerudi, asanteni wote. Nimekwenda kupitia msimu wake wa Mystics tena na kuna jambo hakuna aliyelitaja hapa. Mystics walicheza mechi 36 za ligi 2022, wakashinda 22. Machida alicheza zote 36. Hakukosa hata moja. Kocha wake alikuwa Mike Thibault, ambaye alikuwa miongoni mwa makocha wakongwe kabisa wa ligi ile, na kila usiku alikuwa anamwingiza. Mtu asiyeaminika haingizwi mechi 36.

Kwa hiyo nabadilisha swali. Aliaminiwa vya kutosha kucheza kila mechi, lakini hakuaminiwa kwa dakika nyingi. Kwa nini?

#32 Kapteni wa Upanga

Kwa sababu ya nilichosema #4.

#33 Shabiki_Eldoret

Kwa sababu ya nilichosema #6. Cloud.

#34 Maombi wa Goma

Nanyi hamtaki kusikia mambo ya lugha kabisa.

#35 MswahiliAichi

Swali lako MwanaMuheza bado linachukulia Marekani kama mtihani wa mwisho, na aliyerudi nyumbani amefeli. Tazama alichofanya baada ya kurudi. Fujitsu ilikuwa haijachukua ubingwa wa ligi tangu 2007–08. Msimu wa 2023–24 wakaifunga Denso kwenye fainali, na msimu uliofuata wakachukua tena. Timu iliyokaa miaka 16 bila taji imechukua mawili mfululizo. Namba moja ni nani? Ni yule yule mfupi, mzaliwa wa Asahikawa. Mimi sioni mtu aliyepotea hapo.

#36 Mjukuu wa Chalinze

MswahiliAichi hiyo ligi tunaionaje huku? Sasa nimeshavutiwa.

#37 MswahiliAichi

Vipande vya mechi wanaviweka YouTube kwenye chaneli ya ligi yenyewe. Andika W League na jina la Fujitsu utaviona. Maelezo ni ya Kijapani lakini pasi haihitaji maelezo.

#38 Chuma_Nakuru

Nina jingine, na hili sijaona likisemwa popote. Asisti za FIBA na za WNBA hazihesabiwi sawa. Kwa FIBA, ukimpa mtu pasi akachezewa faulo akitupa, kisha akafunga japo mtupo huru mmoja, wewe umepata asisti. WNBA hiyo haipo. Kwa hiyo kulinganisha 12.5 ya Tokyo na 2.6 ya Washington moja kwa moja ni kupima vitenge kwa mita mbili tofauti.

#39 KochaWaJioni

Hiyo kanuni ni kweli Chuma. Lakini Ufaransa, Ubelgiji na wengine wote walihesabiwa kwa mita hiyo hiyo ya FIBA na hakuna aliyefika 18. Tena Japani ile haikuwa timu ya kwenda kwenye mstari wa faulo sana, walikuwa wanatupa kwa mbali.

#40 Chuma_Nakuru

Sijasema hakuongoza. Nasema pengo kati ya Tokyo na Washington ni dogo kuliko linavyoonekana. Ondoa asisti za faulo, kisha uziweke zote kwa dakika 40 kama alivyofanya Shabiki #6, utakuta ni mchezaji yule yule.

#41 Mzee Kifimbo

Yule yule aliyepungua dakika. Kwa nini alipungua dakika? Tumerudi pale pale.

#42 BintiTudor

Basi tuihesabu. Mechi nzima ya nusu fainali ipo mtandaoni. Kila mmoja achukue robo moja, aandike kila asisti ya Machida ilizaa nini: tatu, mpira wa chini ya ringi, au faulo. Robo ya kwanza naichukua mimi. KochaWaJioni chukua ya pili, Kapteni ya tatu, Mzee Kifimbo ya nne ukiwa na nafasi.

#43 Kapteni wa Upanga

Nimeichukua ya tatu. Nitaandika pia mara ngapi mabeki wa Ufaransa walirudi nyuma kumwachia mtupo, maana hoja yangu bado ipo.

#44 Mzee Kifimbo

Ya nne haina maana, mechi ilikuwa imeshaisha. Nipeni ya pili, kocha achukue ya nne.